Mashine Iliyonifundisha Kusema Tafadhali

Siku ambayo haijanitoka hadi leo, mwanangu, ni ile niliyomsahihisha Mama Zaina mbele ya wateja wake. Alikuwa kwenye meza yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko la Buyenzi mjini Bujumbura, mikono yote imejaa. Akaniita: "We Nestori, kuja hapa, shika hii kitunga, mi iko na haraka." Nikaegemeza baiskeli yangu ya mboga za lengalenga, nikasimama wima kama mtu aliyeitwa kutoa hotuba, nikamwambia, "Mama, husemi hii kitunga. Unasema kikapu hiki."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayekagua samaki aliyeanza kulegea, kisha akaniuliza: "Iyo Kiswahili unasema, mwenyewe anaishi wapi?"

Nilidhani ni swali la mtu asiyesoma. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita, lakini ujana una namna ya kuyahesabu madarasa yake mara mbili.

Nakuandikia kwa ajili ya swali hilo. Jumapili iliyopita ulikuja na simu yako, ukaniketisha, ukanisikilizisha zile programu za kufundishia lugha ambazo shule yenu imewapa ninyi walimu mchague. Ukaniuliza, "Baba, masikio yako yanasemaje, ipi nzuri?" Nikakuambia nimechoka. Sikuwa nimechoka. Sauti ya yule bwana katika programu ya pili ilinirudisha mahali ambapo sipendi kurudi, nikaona nikifungua mdomo nitasema vibaya. Kwa kuandika ninaweza kufuta. Nimefuta sana hapa, na bado sina hakika kama nimesema sawasawa. Usome kama maneno ya mzee aliyeona jambo moja tu, lakini aliliona kwa karibu.

Wakati ule vita vilikuwa vimeniteremsha kutoka mlimani kwetu hadi Buterere, pembeni ya mji. Nilipata kijishamba pembeni ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo maji yakipanda unalala umekaa, nikapanda lengalenga. Kila asubuhi nilifunga mafungu nyuma ya baiskeli nikaenda kuyauza Buyenzi, na katikati palikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari, darajani.

Kirundi changu kilikuwa cha mlimani. Nikisema maneno mawili, mtu alijua nimezaliwa upande gani wa mto upi, na miaka ile watu walipimwa kwa mambo kama hayo. Majina ya makundi sitayaandika, unayajua, na kalamu yangu haitaki kuyagusa. Lakini watu wa Buyenzi, wenye kusema Kiswahili, walikuwa wakiachwa wapite. Ilisemwa kwamba wao hawamo katika ugomvi. Huenda haikuwa kweli yote, maana nao walizika watu wao. Ila sisi tuliotoka milimani tuliona hivyo: mwenye Kiswahili ana mlango wa kutokea. Basi nilikitaka Kiswahili kama mtu anayenyeshewa anavyotaka paa.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa huyo Mama Zaina. Wazazi wake walivuka kutoka upande wa Uvira zamani, yeye akazaliwa Buyenzi, akazeeka Buyenzi. Alifundisha kwa kelele. Hakuelezi neno, anakutuma. Ukileta kitu kingine, anakurudisha nacho mbele ya watu wote, na soko zima linajua leo umeleta mwiko ulipoambiwa ndoo. Asubuhi hakubali kununua fungu langu hata moja mpaka niite wateja. "Ita," ananiambia. Naita. "We unaita ao unazika mutu? Ita tena." Basi naita tena, na wauza nyanya wanashika mbavu.

Nilichekwa sana, mwanangu. Kicheko chake hakikuwa na ubaya, sasa najua, lakini mtu aliyefukuzwa kwao hana ngozi nene.

Ndipo akaja Salvatori.

Alikuwa kijana wa mtaa wa Gihosha, mwanafunzi wa chuo kikuu, mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku umeme umekatika, sijui alifanyaje. Kwao walisema Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakukikuta nyumbani. Alikitafuta mwenyewe, kwa kuwa aliona watu kama mimi tunavyotetemeka barabarani, akasema hilo ni jambo ambalo mtu anayesomea lugha anaweza kulitengeneza. Chama kimoja kidogo cha kusaidia waliohama kilimpa chumba na kompyuta moja kuukuu, akaanza darasa la jioni, mapema, ili tuwahi kufika nyumbani kabla ya saa ya kujifungia.

Nataka nikueleze alivyokuwa akichagua masomo yake, kwa sababu ndiyo kazi yako leo. Intaneti ya Bujumbura wakati ule ilikuwa ya vyumba vichache tu mjini Rohero. Unakaa mbele ya kompyuta, unangoja ukurasa ufunguke kama unavyongoja maharage yaive. Salvatori alikaa huko mchana kwa mchana, akitafuta masomo ya Kiswahili, akiyapima. Hakuchukua chochote kwa kuwa kinang'aa. Aliangalia nani ameandika, na kama huyo mtu anajulikana kwa kazi hiyo. Aliangalia kama somo la kwanza linabeba la pili. Aliangalia kama kuna sauti, na kama ile sauti inaweza kunakiliwa kwenye sidi ikachezwa kwetu ambako intaneti haikufika. Kuna masomo aliyatupa kwa sababu ukurasa mmoja ulikataa uliyosema mwingine. Kuna mengine aliyatupa huku akicheka, yaliyojaa picha za simba na ngoma. "Nestori," akaniambia, "hawa walifikiri unajifunza Kiswahili ili ukapige picha twiga."

Mwisho alibaki na moja. Na niseme haki yake: ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona nzuri kuliko ile, hata hizi za simu yako. Sauti ilikuwa ya mwanamume asiye na haraka, kila neno limekaa peke yake kama yai. Unasikia, unaandika jibu, ukikosea linatokea jekundu, ukipatia linatokea kijani. Haikunicheka. Hilo peke yake lilinitosha kuipenda. Hata nikikosea kutwa nzima, inasubiri tu, na sauti yake ni ile ile.

Nikaanza kusema kama yule bwana. Nikajifunza kusema tafadhali, samahani, shikamoo, ningependa kujua. Nikaanza kuona wekundu kila mahali. Mama Zaina akifungua mdomo, mimi naona jekundu. Ndivyo nilivyofika kwenye ile siku ya kitunga.

Chema chajiuza, husema Waswahili, kibaya chajitembeza. Nami nilikuwa nakitembeza changu soko zima.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo pananiuma. Salvatori mwenyewe alijua kwamba kuna kitu hajapima. Jioni moja baada ya darasa alifunika kompyuta kwa kitambaa chake, akaniambia, "Nimeisikiliza hii kwa masikio yangu, na masikio yangu ni ya Gihosha. Wewe una yule mama wa sokoni. Mlete akae hapa siku moja aisikilize, atuambie watu wa Buyenzi wanasemaje."

Nikamwambia Mama Zaina. Alikuwa anapepeta ndagala. "Mi niende kusikiliza kompyuta? Na ndagala nani atauza, we? Ao iyo bwana wa kompyuta?" Akacheka, kisha akasema kwa upole, "Nitakuja siku ziwa ikikataa."

Ziwa lilikataa siku nyingi, mwanangu. Wavuvi walirudi na mitumbwi mitupu, meza yake ikabaki na magamba, naye akakaa akijipepea. Sikumkumbusha. Niliogopa ataicheka ile sauti mbele ya wenzangu. Au niliogopa kompyuta itamtolea jekundu, yeye aliyenilisha. Nimejiuliza miaka yote hii niliogopa lipi kati ya hayo mawili, na sijajua. Salvatori aliponiuliza tena, nilimwambia mama ana kazi nyingi. Ilikuwa kweli. Iko kweli inayofanya kazi ya uongo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la kuchoma. Wanawake wengi wa Buterere walitaka kusoma lakini hawakuweza kufika mjini na kurudi, basi Salvatori akataka kuja kuona chumba ambacho darasa lingeweza kuhamia. Tukatoka wote wawili, mimi nikisukuma baiskeli tupu, yeye na mkoba wake wa karatasi za masomo. Usiku wa kuamkia siku ile risasi zilikuwa zimesikika upande wa mashamba, na pale darajani askari walikuwa na macho mekundu ya watu wasiolala. Wale walionizoea hawakuwapo. Walikuwapo wapya, vijana, mmoja bado hajaota ndevu.

Asubuhi zote nilikuwa nikipita bila neno. Lengalenga zilinisemea. Siku hiyo sikuwa nazo.

Yule kijana akatuuliza, "Munatoka wapi, munaenda wapi?"

Ningeweza kusema "Soko, chef," nikaendelea kusukuma. Lakini swali lile lilitoka moja kwa moja ndani ya somo. Nililijua jibu lake kama ninavyojua jina langu. Nikasimama wima. "Tunatoka Buyenzi, afande. Tunakwenda Buterere kumtembelea rafiki. Tafadhali, tunaomba kupita."

Akanikazia macho. "Tafazali," akarudia polepole. Akamwita mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye magunia. "Sha, kuja usikie huyu. Rudilia."

Nikarudia. Nikarudia vizuri zaidi, kwa kuwa nilidhani hakusikia.

"Watu ya Buyenzi wanasemaka ivi?" akauliza yule wa magunia.

"Mi nimekomalia Buyenzi tangu mutoto," akasema yule kijana, "sijasikia mutu wa kule ananiomba kupita. Wananitukana, basi wanapita." Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha ghafla. "Hii ni Kiswahili ya Tanzania. Ya makambi. Ulirudi lini?"

Unajua maana ya swali hilo, na kama hujui, nakueleza. Waliokuwa wakipigana msituni, wengi walisemwa wanatoka kwenye makambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Kijana wa mlimani, uso wa mlimani, na Kiswahili kisafi cha ng'ambo mdomoni, kwa askari ambaye huenda alipoteza mwenzake usiku ule, ni nani? Nimejiweka mara nyingi mahali pa yule kijana. Sijui kama ningefikiri tofauti. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi niliivaa mchana kweupe nikidhani nimependeza.

Salvatori akaingia kati. Hakuwa mtu wa kumwacha mwanafunzi wake peke yake. "Samahani, afande," akasema, kwa ile ile sauti ya somo, maana Kiswahili kingine hakuwa nacho. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Na we nani alikufundisha?"

"Kompyuta."

Yule wa magunia akacheka mpaka akakohoa. Kijana hakucheka. Alichukua mkoba, akatoa karatasi. Ya juu kabisa ilikuwa somo la safari: picha ya basi, msafiri anauliza basi linaondoka saa ngapi, na majina ya miji chini yake, Kigoma, Tabora, Dar es Salaam. Akaigeuza huku na huku. "Na hii ni safari ya nani?"

Hapo Salvatori akaacha Kiswahili. Akasema Kirundi, akasema Kifaransa, akatoa kadi ya chuo. Lakini siku ile mtu mwenye lugha nyingi alikuwa mtu mwenye mengi ya kueleza. Wakatukalisha chini, pembeni ya daraja, mikono juu ya magoti.

Kijana mmoja wa baiskeli za kubeba watu aliniona pale, akapeleka habari sokoni. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipokuja Mama Zaina, kwa miguu, khanga imelowa jasho, na kile kitunga chake cha ndagala mkononi. Kwa mbali tulianza kumsikia.

"Nani amekamata mutu wangu wa lengalenga? Kesho nitauzisha ndagala na nini, na majani ya barabara?"

Askari wakasimama. Alikuwa na umri wa mama zao. Yule kijana akamuuliza kwa heshima, "Mama, huyu unamujua?"

"Namujua? Kila siku ananiletea lengalenga na mchanga ndani. Muulize soko yote."

"Mbona hasemi kama watu?"

"Anasemaka kama watu. Ni tangu ile mashine imuingilie, anasema kama mutu anatangaza arusi." Wakacheka. Akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa yakicheka. "We Nestori. Wateja wanapita. Ita."

Nikaangalia baiskeli tupu.

"Ita, nimekuambia."

Nikaita. "Lengalenga, lengalenga ya leo, mama kuja uone, ikiisha usiniulize mi!" Sauti ikapasuka katikati. Nikaita tena bila kuambiwa. Nilikuwa nimekaa chini mavumbini, mtu mzima, nikiwauzia askari mboga zisizokuwapo, na askari wanapiga mapaja. Yule kijana akapangusa machozi ya kicheko. "Sawa. Huyu ni wa soko. Mumupeleke."

Nikasimama. Mama Zaina akanishika shati.

"Na huyu?" akauliza askari.

Salvatori naye akasimama. Alikuwa amesikia habari za mama huyo muda mrefu, alitamani kumwona, na sasa alikuwa mbele yake. Akainamisha kichwa kidogo, kama yule bwana wa kwenye sidi alivyotufundisha kuwasalimu wazee. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Salvatori, mwalimu wa Nestori."

Shikamoo. Buyenzi hatukuwa na salamu hiyo. Askari wakatazamana.

Mama Zaina akamwangalia juu hadi chini. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Lakini alikuwa mtu wa swala tano, na mdomo wake haukujua njia nyingine. "Huyu sijamuona," akasema. "Kweli ya Mungu, sijamuona hata siku moja." Kisha akaongeza, "Lakini ni mutoto wa watu, inaonekana. Mumuachilie naye."

"Kuonekana si kujua, mama. Atangojea chef, mukubwa wetu."

Nikasema kwa Kirundi changu cha mlimani kwamba mimi namjua, ni mwalimu wangu, hana kosa. Yule kijana akanijibu bila ukali, "We umejuliwa na huyu mama. Unataka tuanze tena?"

"Funga kinywa, tembea," Mama Zaina akaninong'oneza.

Salvatori akanipungia mkono, akasema, "Nenda, Nestori. Nitawaeleza." Alisema kwa Kiswahili kizuri. Nikaenda.

Jioni, kama nilivyosikia baadaye, gari lilipita likamchukua. Baada ya hapo kila ofisi ilisema haijui, na kila aliyesema hajui alisema kwa adabu.

Asubuhi yake nilipanda Gihosha kwa baba yake, mzee aliyewahi kuwa karani. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu.

"Walimuuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, mzee."

Akasema: "Yeye alikuwa na Kirundi na Kifaransa. Hakuwa na haja ya Kiswahili. Alijifunza kwa ajili yenu." Akainuka akanisindikiza hadi langoni, kama mila inavyotaka. Hilo la kunisindikiza lilinichoma zaidi ya kama angenipiga.

Amani ilipokuja, watu wakarudi. Walirudi wa magerezani, wa misituni, wa makambini, hata wale waliokwisha kufanyiwa matanga. Mzee yule aliweka kiti langoni. Nilipita mara kwa mara nikimpelekea lengalenga, alipokea, akashukuru, akaangalia barabara. Amekufa akiangalia barabara.

Na Mama Zaina? Siku nyingi baada ya daraja, ziwa likiwa limekataa, meza tupu, akaniuliza, "Ule mutoto alitaka mi nisikilize nini kwa iyo mashine?" Nikamwambia. Alitaka uisikilize, umwambie watu wa hapa wanasemaje. Akapangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Ungenikumbusha," akasema. Hakulitaja tena hadi alipofariki, nami nilibeba jeneza.

Nimejaribu kugawa kosa hili kwa haki. Mashine haikukosa. Ilifundisha Kiswahili kizuri, na walioitengeneza walikuwa mbali, hawakujua kuna daraja. Askari alikuwa mtoto mwenye hofu. Mama Zaina alisema kweli. Salvatori alipima kila kitu, na kile alichokosa kupima alikijua akakiomba. Mimi nilisahau kukumbusha, kama si kusahau kwa makusudi. Ukigawa hivyo, kila mtu anapata kipande kidogo, na hakuna kipande kinachotosha kumpoteza mtu. Lakini mtu hayupo.

Kwetu mlimani husema, neno likupendalo hubaki tumboni, yaani ni lile usilolitoa. Na Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yote mawili niliyajua kabla ya ile siku. Kujua methali hakukunisaidia chochote, usidanganywe na wazee tunaozirusha kama mahindi kwa kuku.

Basi, mwanangu, uliniuliza ipi nzuri. Sijui ipi nzuri. Mimi si msomi, na zile programu zako zote zina mambo ambayo sikuyaelewa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uzuri wa chombo hauko ndani ya chombo peke yake. Pima kama Salvatori alivyopima, usiache hata moja katika yale: nani ameandika, somo linajengwaje, sauti ikoje, itafanya kazi umeme ukikatika. Halafu uulize lile la Mama Zaina. Hicho wanachosema humo, mwenyewe anaishi wapi? Na mtoto unayemfundisha, kesho, atasema na nani? Kama hao wawili hawaishi mahali pamoja, usiitupe programu. Mwambie mtoto. Mwambie hii ni lugha ya vitabu na ya barua, ni nzuri, ishike, na hii nyingine ni ya daraja na soko, ni nzuri pia, ishike vile vile. Mtoto anaweza kubeba vikapu viwili. Kosa letu lilikuwa kumwambia mtu kwamba kile cha nyumbani ni takataka.

Na rangi nyekundu uiangalie sana. Hizo za simu yako nazo zina jekundu, nimeliona. Jekundu linasema "hivi si vile nilivyofundishwa mimi." Halijui zaidi ya hapo. Mtoto hulisikia likisema "mama yako hajui kusema." Akishaamini hilo, utakuwa umemfundisha lugha moja na kumnyang'anya mtu mmoja.

Kisha, kabla hujachagua, mlete mtu asiyekuwa na faida yoyote katika uchaguzi wako, mama wa sokoni, mlinzi wa lango, umkalishe, asikilize. Akisema ana kazi, umngoje. Ziwa likikataa, umkumbushe. Mkumbushe tena hata kama unaona haya. Haya hupita.

Umewahi kuniuliza kwa nini naandika Kiswahili kama mtu wa redio, na nikienda sokoni nasema kama muuza ndagala. Sasa umejua. Hiki ninachokuandikia ni Kiswahili cha Salvatori. Sina kumbukumbu nyingine yake, wala picha. Ninakiandika ili kisife, ila kwa mdomo, tangu ile siku darajani, neno tafadhali sijalitamka.

Sikuiti uje uniombee radhi, wala mimi sijui niombe kwa nani. Nakuombea wewe. Mungu akupe masikio kabla hajakupa sauti. Kila mtoto atakayepita mikononi mwako akiulizwa anakotoka, awe na jibu, na awepo mtu karibu wa kusema huyu namjua. Uzeeke ukiwa na wanafunzi wako wote, uwahesabu, wasipungue.